Chumba Kitupu Kwenye Ramani

"Borafya anakutoa chumbani," alisema Bi Mwanakheir, jirani wa chumba cha pili, huku anachagua mchele. "Ramani ya nyumba anayoichora nshaiona mezani kwake. Changu kimeandikwa jina, hata choo kimeandikwa. Chako kitupu. Wakishaitengeneza nyumba hii ya wakfu, chumba kisicho na jina atapewa mwengine."

Maisara akampakata mwanawe Radhiya. Mumewe, Ame, alikuwa kazini Paje. Chumba kikenda, watalala wapi?

Tangu hapo akawa anamtupia jicho Borafya. Alikuwa mtu wa Chwaka, kaja mjini kijana, kachora ramani za nyumba kwa wino na rula mpaka kompyuta zilipoingia, akaanza kujifunza upya ukubwani. Alikaa chumba cha chini, pazia limepigwa fundo upepo upite. Barazani hakai. Akipita mwanamke, huinamisha macho. Zamani Maisara alidhani ni adabu tu. Sasa akajiuliza, mtu asiyekutazama usoni anaficha nini? Akakumbuka na siku ya kupima: Borafya alipima vyumba vyengine vyote, alipofika mlangoni kwa Maisara akageuka, akashuka ngazi.

Asubuhi moja akambeba mtoto, akateremka.

"Hodi. Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakuingia. Alisimama kizingitini. "Nataka kukiona chumba changu."

Borafya akaigeuza kompyuta. "Hiki."

"Mbona hakina jina?"

Borafya akavaa miwani, akasogeza uso. Katikati ya chumba palikuwa na kidoa, utasema nzi katua. Akakivuta karibu, akakivuta tena, kidoa kikawa herufi: Maisara na Ame.

"Jina lipo. Limekuwa dogo mno."

"Dogo langu peke yake?"

"Vyumba vyengine nimevichora mwenyewe. Chako nimekitoa kwenye ramani ya zamani, kilichorwa kikubwa. Jina nikaliandika humo humo. Nilipokipunguza kikae sawa na vyengine, na jina likapungua nacho."

Maneno yalimtoka laini, na ulaini wenyewe ndio uliomtia Maisara wasiwasi. "Litengeneze, nione."

Borafya akabadilisha nambari ya ukubwa wa herufi. Jina likavimba, likafunika nyumba nzima, likatokeza mpaka uchochoroni.

"Sasa wewe ndiye umemtoa Bi Mwanakheir," alisema, wala hakucheka.

Akajaribu tena, akalifanya jina lifuate kipimo cha karatasi, si cha chumba. Likatua mahali pake, sawa na mengine. Maisara akalisoma kimoyomoyo, lakini hakuondoka.

"Na kwa nini chumba changu hukukipima, ami? Vya wenzangu umeingia."

Borafya akainamisha macho. "Wenzako waume zao walikuwapo. Ame hayupo, wewe umo ndani na mtoto. Ningeingiaje?"

Maisara akamhamishia Radhiya kiunoni upande wa pili. Hilo hakulitegemea.

"Lakini ile ramani ya zamani siiamini," Borafya akaendelea. "Tangu ichorwe, kuta zimepigwa chokaa na plasta juu ya plasta. Mafundi watafuata karatasi. Nikikosea, utarudi kwenye chumba kisichoenea kitanda chako."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa futikamba, akaiweka pembeni mwa meza, karibu na mlango.

"Nnakuomba, mwanangu, ukanipimie wewe mwenyewe. Ukuta kwa ukuta, na dirisha. Usinikadirie. Na umwite Bi Mwanakheir akushikie ncha."