Mfereji wa Mkonge

Miche yangu ya mpunga ilikuwa inageuka njano kitaluni, na wanaume wa kijiji chetu cha Rudewa wamekaa kwenye benchi la kahawa wanalalamika. Hata leo nikikumbuka, damu inanichemka. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Shamba la mkonge lilishakufa, mashine zimenyamaza, na mume wangu, aliyekuwa fundi wa mashine hizo, hana kazi. Mpunga ule ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Mvua ilikatika ghafla, na miche ikikauka, watoto wangu wangelala njaa.

Maji yenyewe yalikuwepo mtoni, tele. Mfereji wa kampuni ya mkonge ulipita kando ya mashamba yetu, ila ulizibwa na matete na tope tangu kampuni ilipoondoka. Nilikwenda benchini, nikawaamkia wakubwa, wakaitikia marahaba. Nikauliza kwa nini tusiuzibue.

"Ule ni mali ya kampuni," alinijibu mzee mmoja. "Hukuona kibao?"

Kibao! Kipande cha bati kilicholiwa na kutu, kimeandikwa marufuku kuingia. Jamani, watu hawa hawa waling'oa mabati ya kampuni, milango, madirisha, hata reli za vitoroli vya mkonge, wakaenda kuviuza Mikumi kwa wenye malori. Kung'oa reli hawakukiona kibao, kuzoa tope ndiyo wakakumbuka sheria! Mmoja akasema tumngoje mwekezaji. Mwingine akasema kosa ni la wafugaji, ng'ombe wao wamebomoa kingo. Mume wangu naye, mwanaume mzima na mikono yake miwili, akasema serikali imetutupa. Labda ilitutupa kweli, sibishi. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe yalikuwa ya wanangu.

Kulipokucha nikachukua jembe, nikaingia mferejini. Waliopita walinicheka. "Shemeji, kampuni imekuajiri lini?" Nikazidi kuchimba, maana ningefungua mdomo ningetukana.

Baadaye akaja mama mmoja wa kifugaji, anaswaga ndama waliokonda kwa kiu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alitazama matete, akanitazama mimi, akasema, "Maji huko?" Nikamwambia ndiyo, yako huko. Akachomoa panga, akaanza kufyeka. Tulifanya kazi hivyo kila siku, yeye anafyeka, mimi nazoa, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Maji yalipoanza kushuka, loo, hapo ndipo benchi lilipohama! Mfereji uliokuwa wa kampuni ukageuka wa kijiji. Wakasimama ukingoni, viatu safi, wakaunda kamati ya maji, na mwenyekiti akawa yule mzee wa kibao. Wakapitisha kwamba maji yaanzie kwenye mashamba ya wajumbe, na mifugo isisogee kabisa. Yule mwenzangu alikuwa pale pale, tope limemfika magotini, na hakuna aliyempa hata pole. Nilisikia hasira mpaka machozi yakanitoka.

"Mzee wangu, heshima yako iko pale pale," nikamwambia mwenyekiti, "lakini hamna haya."

Nikainua jembe nikate ukingo upande wa kitalu changu. Mume wangu, ambaye naye alishajipachika ujumbe, akanidaka mkono.

"Mama watoto, usinitie aibu mbele za watu. Kikao kimeshaamua. Subiri zamu yako."

"Miche haijui vikao," nikamjibu. "Niachie."

Akaniachia. Nikakata, maji yakaingia kitaluni yakiwa mekundu kwa udongo. Kisha nikamwonyesha mwenzangu kwa mkono alete ndama wake, wakainama wakanywa. Kamati ikapiga kelele kwamba pazibwe, pazibwe mara moja! Walikuwa wengi, na sisi tulikuwa wanawake wawili tuliochoka. Lakini ili kupaziba ilibidi mtu avue viatu aingie kwenye tope, na hakuna hata mmoja aliyevua.