Mzee wa Mkono wa Kushoto

Sogea karibu, rafiki yangu, nikueleze habari za mtu aliyetuchora. Wiki iliyopita nilipita Adungosi nikielekea Malaba, nikakuta ukuta wa kisiagi, yaani mashine ya kusaga unga, umepakwa tangazo la saruji kutoka chini hadi kwenye mabati. Nilimwomba mwenye boda asimame. Nikabaki kando ya barabara kama mtu aliyefika matangani akiwa amechelewa.

Nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, ukuta ule ulikuwa na sisi wenyewe. Mwenye kisiagi alimwajiri fundi wa rangi kutoka Bukhayo achore gunia la mahindi tu, ili mpita njia ajue hapa tunasaga unga. Fundi akachora gunia, kisha mama anayelibeba, kisha mbuzi anayelamba unga uliomwagika, kisha jirani yetu akirudisha cheni ya baiskeli, ulimi umemtoka pembeni. Hakutuvika nguo za Krismasi. Hata kiraka cha suruali alikiweka. Tulisimama pale na mabeseni yetu ya wimbi na muhogo mkavu, mashine ikinguruma, mafuta ya taa ya kusafishia brashi yakitunukia.

Nyanya alikuwa na ombi. Babu alikufa kabla sijazaliwa, na hakuwahi kupigwa picha hata moja.

"Sura yake inaanza kunitoroka, fundi," alimwambia.

Fundi hakuuliza pua ilikuwaje. Aliuliza babu aliketi vipi, kofia aliilaza upande gani, alishika vitu kwa mkono upi. Nyanya akakaa chini vumbini, akamwonyesha.

Sasa nikufafanulie jambo moja. Kwetu sisi Wateso, wazee hunywa ajono, pombe ya wimbi, wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mrija hushikwa kwa mkono wa kulia. Kuushika kwa wa kushoto ni kuwatukana wenzako.

Jumamosi ya soko tukafika na kukuta zogo. Fundi alikuwa amechora wazee watano mtungini, na mmoja, goti limeinuka, kofia imefunika macho, ameshika mrija kwa kushoto.

"Wewe fundi, kwenu mnakunywa na miguu?" mtu mmoja alimcheka.

"Boss, futa huyo mzee," mwenye kisiagi akasema. "Utanifukuzia wateja." Tayari alikuwa ameshika ndoo ya chokaa, na brashi imelowa.

Fundi alikuwa anamtazama nyanya.

Nyanya aliteremsha beseni kichwani. Alikwenda mpaka ukutani, akasimama muda mrefu hata mashine ikazimwa.

"Mwacheni," alisema. "Huyo ni mume wangu. Vidole vya mkono wa kulia vilichukuliwa na mashine ya pamba. Si nyinyi wazee wenyewe mlimpa ruhusa ya kushoto?"

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akavua kofia. "Ni yeye kabisa," akasema polepole. "Hata goti. Lakini fundi, wewe ulimjua wapi?"

Hakumjua. Mpaka leo jambo hilo hunisisimua mwili. Mtu asiyewahi kumwona babu alimrudisha kwa mkono, goti na kofia, na mimi nikamwona babu yangu kwa mara ya kwanza, mchana, mbele ya watu wote. Mwenye kisiagi aliweka ndoo chini.

Tangu siku hiyo nyanya alikuwa akienda kisiagi hata unga ukiwa umejaa nyumbani. Naye ameshatutoka. Nina simu yenye picha elfu za chakula na za mawingu, na ukuta ule sikuupiga picha hata mara moja. Nilidhani kuta haziondoki.

Kwa hiyo, rafiki, chukua penseli leo. Mwendee mtu mzee kuliko wote nyumbani kwenu, umwombe akuonyeshe jinsi marehemu wake alivyokuwa akiketi. Kisha chora, hata kama mkono wako ni mbaya.