Mkasi na Bawa la Korongo

Mwaka 1992 nilikuwa fundi cherehani Gisozi, na nilikuwa na korongo. Enzi hizo Kigali haikuwa ajabu kumfuga uani ndege huyo mwenye taji la dhahabu, akazunguka kama ndiye mwenye nyumba. Nilimpenda kupita kiasi, wala sioni haya kusema.

Bondeni, kando ya mto, palikuwa na eneo la mafunjo lililohifadhiwa. Kulima marufuku, kukata mafunjo marufuku, ila watu waliruhusiwa kutembea kwenye njia yake. Makorongo wa porini walishinda ng'ambo. Mlinzi wa pale, mzee mpole, alimwomba mume wangu: manyoya ya mabawa yakiota, tumwachie ndege arudi kwa wenzake. Mume wangu akakubali. Nami nikakubali, kwa mdomo tu.

Kila Jumapili baada ya misa tulimtembeza kwenye njia ile. Na kila manyoya yalipoanza kurefuka, mume wangu akiwa kazini, niliyakata kwa mkasi wangu wa kazi.

"Mama, hii ndege iko na nguvu, lakini hairuki," mlinzi alishangaa. "Pengine iko na njaa."

Tangu siku hiyo akawa anatungojea na kopo la panzi aliowakamata mwenyewe. Wema ule ulinikera. Nilitamani awe mtu mbaya.

Jumapili moja korongo alikunjua bawa mbele yake. Ncha za manyoya zilikuwa zimenyooka, kazi safi ya fundi. Mzee akaziangalia, akaniangalia mimi. Mume wangu alikuwa akitazama mto.

"Mama," akasema polepole, "mkasi yako iko kali sana."

Akampa korongo panzi. Wala hakunisemea kwa mume wangu.

Niliona aibu kweli. Mkasi nikaurudisha kwenye vitambaa. Miezi ikapita, manyoya yakaota, na asubuhi moja korongo alikimbia njiani, akapaa, akavuka mto. Hata kugeuka hakugeuka! Nilimtukana, nikalia, kisha nikamwona akicheza na wenzake, nikacheka na machozi yangu usoni.

Jumapili iliyofuata tulishuka tena. Mlinzi alikuwa palepale na kopo lake. Akaona mtama niliokuwa nimeushika.

"Tuko wajinga, mama," akasema, akafungua kopo. Panzi wakarukia nyasini, nami nikaumwaga mtama.