Pale Panapita Ng'ombe Tu

Mimi Atupele ni mtu wa mdomo, Ndalambo nzima inajua, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine: wifi yangu Fausta, mke wa kaka yangu Clement.

Fausta ni mtu wa Isansa, mtoto wa wakulima wa kahawa. Alipoolewa kwetu alikuta shamba la mume limechoka kama mume mwenyewe. Hakulalamika. Wiki tatu hazijaisha alikuwa ameshaijua njia ya bondeni, ile inayokata matete hadi upande wa Zambia, na anarudi na mfuko wa sukari kichwani, maji yakimfika mapajani. Wanawake wengi tulipita pale, mimi nikiwemo. Ila mimi nikienda mara moja nalala siku mbili, Fausta alikwenda mara tatu kwa wiki. Mama yetu alikuwa akinywa chai tamu na kujisifu kwa majirani: "Mkwe nimepata!"

Mwenyewe alitaka kitu kimoja tu, mtoto. Alikuwa ameshafuma hadi vikofia, viwili, cha kike na cha kiume, na mimba bado.

Mwaka wa pili wa ndoa yake wakaja watu wa droni, vijana wanne na nesi mmoja aitwaye Jenista. Wakatuita ofisi ya kijiji, wakaeleza vizuri kabisa. Majini kuna konokono wadogo wanaobeba kichocho, na mtu akiingia majini vijidudu vinampenya kwenye ngozi bila yeye kujua. Droni itapiga picha bonde zima, kisha itarudi kunyunyizia dawa ya kuua konokono. Dawa haitoshi kila mahali, kwa hiyo tuwaonyeshe pale wanapoingia watu.

Jamani, nani angewaamini? Kidude kinaruka angani, kinapiga picha, na mpaka uko palepale! Mzee Eliakim, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alikuwa ameshatunong'oneza asubuhi ile. "Hao ni watu wa mapato. Wanatafuta njia zetu za sukari. Kila mtu afunge domo lake."

Kijana wao mmoja akatuonyesha picha kwenye simu yake kubwa. Khaa! Njia yetu ilionekana wazi, mstari mweusi umepasua matete mpaka ng'ambo. Akauliza, "Na hapa je, wanapita watu?"

Kimya. Nikaona kimya kile kitatuumbua, nikasimama.

"Hapo panapita ng'ombe tu, mwanangu. Mtu na akili zake atafuata nini kule?"

Watu wakacheka. Fausta alikuwa ameketi ubavuni kwangu, naye akacheka, akanifinya paja kwa furaha. Kijana akaandika.

Basi dawa ikamwagwa kwenye madimbwi ya juu, ambako hakuna anayeingia. Njia yetu haikuguswa, nasi tukaendelea kupita. Hao watu wa mapato hatukuwaona mwezi ule wala mwaka ule.

Mwaka uliofuata Fausta akaanza kutokwa na damu isiyo ya mwezi, tumbo la chini likimuuma mpaka anashika ukuta. Aibu ikampeleka duka la dawa badala ya hospitali. Muuzaji akamwambia hayo ni magonjwa ya zinaa, akampa vidonge. Havikusaidia, akarudi, akapewa tena vilevile. Clement akavikuta chini ya godoro. Loo, matusi ya siku ile! Na mama akamalizia: "Anakwenda Zambia mara tatu kwa wiki, mlidhani anafuata sukari?" Anasema hivyo na kikombe cha chai kiko mkononi! Nilitaka kumjibu. Nikameza. Mama ni mama, nikajiambia, na woga wangu nikauita heshima.

Fausta akahamia kwangu. Haukupita muda Clement akamweka ndani Angel, msichana wa Tunduma.

Mwaka huu watu wa droni wamerudi. Nesi Jenista akakaa na wanawake mmoja mmoja, na Fausta akamfungulia yote. Akatupeleka hospitali. Daktari akampima, akasema ni kichocho, kimeshambulia kizazi, habari za zinaa hazipo kabisa. Vidonge vitaua minyoo ya kichocho, lakini makovu kwenye mirija hayatoki. Kuzaa asitegemee. Kisha akamuuliza alikuwa akiingia maji ya wapi. Fausta akaeleza. Jenista akafungua ramani yake, akatafuta kwa kidole.

"Hapa tuliambiwa wanapita ng'ombe tu," akasema.

Nililia mbele za watu. Nilimwambia wifi yangu, nimekuua mimi. Hakunisamehe wala hakunilaani.

"Nami nilicheka," akasema.

Kutoka hospitali alikwenda kwao Isansa kupumzika. Kabla hajapanda gari alinipa ile karatasi ya daktari. "Wifi, wasomee. Wajue sikuwa malaya. Hilo tu."

Nikaenda. Mama alikuwa anachambua maharage, Clement ameketi kizingitini, Angel ana tumbo la miezi sita. Nikawasomea neno kwa neno, nikawaambia na uongo wangu wote. Clement akainama. Mama akaendelea kuchambua.

"Haya, si malaya," akasema. "Anazaa?"

Nikaikunja karatasi nikatoka, mimi mwenye mdomo.

Kesho yake asubuhi Fausta akanipigia simu.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamesikitika sana, wifi. Wanakuomba radhi."

Nikamsikia anashusha pumzi, halafu anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia miaka.

"Basi ngoja nifue nguo zangu," akasema. "Clement anakuja kunichukua lini?"