Fungu la Redio

Nakumbuka asubuhi moja wakati wa vita, mwanangu, mji wetu wote wa Baraka, hapa kando ya ziwa, tulikuwa na redio na hakuna aliyeweza kuisikia. Kaa nikueleze, maana jana umerudi na hasira kutoka mkutanoni. Wanataka pesa ya watu wote isaidie kiwanda kidogo cha vijana wetu wanaotengeneza vifaa vya mawasiliano yasiyo na waya, nawe unauliza, "Fungu langu litakuwa wapi?" Swali zuri. Hata sisi tuliliuliza, tena kwa kelele.

Dada yangu Faida alikuwa amevuka ziwa akikimbia risasi, ana mimba kubwa. Hatukujua kama alifika. Mama alikuwa akianza kusonga ugali, anasahau, unaungua.

Pale Baraka alikuwepo Fundi Alimasi. Alifungua redio zilizokufa, akatoa ndani yake transista, vidude vidogo kama punje ya maharagwe yenye miguu, akaviunga upya. Alisema anaweza kutengeneza foni, redio ya kusema na kujibiwa, hapahapa kwetu, tusingoje ya wageni. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa.

Desturi ya uvuvi unaijua: mtumbwi unapata fungu lake, wavu unapata lake, ndipo watu wanagawana. Mama Nyota, mwenye mitumbwi, akasema litengwe pia fungu la redio. Watu wakakubali. Ndagala, wale dagaa wetu, wakapanda pikipiki mpaka Misisi kwa wachimba dhahabu, zikarudi redio mbovu, gunia zima.

Foni ilipokamilika, ndipo tukaharibu. Kwetu, kilichopatikana kwa pamoja hugawanywa mbele ya wote, kama nyama ya mawindo. Basi wavuvi wakachukua betri. Wamama wauza samaki wakachukua waya wa antena, wakaanikia vitenge. Mzee mmoja mwenye wavu akachukua sanduku la transista, akalifungia chumbani. Kila mtu akaridhika. Na Fundi alikuwa amekwisha kutuma habari ng'ambo kwa mtumbwi, kwa wenye foni kule walikokimbilia ndugu zetu: Jumapili, baada ya ibada, mtusikilize.

Jumapili ikafika. Mama Nyota akamkuta Fundi mbele ya meza tupu.

"Redio iko wapi?"

"Mama, baliigawanya."

Akawageukia watu. "Hii iko akili gani? Hii iko mbuzi? Nyama munagawanya sababu imekufa. Mutoto akizaliwa, mujomba anabeba mukono, shangazi anabeba muguu?"

"Lakini mi nilitoa samaki," yule mzee akanung'unika. "Mi nitakula nini?"

"Na fungu ya mutumbwi, we unaikulaka? Si unaiacha inunue mbao? Leta hiyo sanduku, papa, ao nitaibeba mi mwenyewe, na wewe juu yake!"

Watu wakacheka, wakakimbia. Vitenge vikashushwa vikiwa bado vinachuruzika maji.

Fundi akaunga, akazungusha vifundo. Mikwaruzo tu. Mama yangu akasogeza sikio karibu. Kisha sauti:

"Mama? Ni Faida! Niko muzima! Iko mutoto mwanamuke, anapiga kelele kukupita!"

Mama akapiga vigelegele mpaka Fundi akaziba masikio. Wakanisukuma mbele niseme. Mimi nilikuwa kijana wa haya, mwanangu, maneno kwangu yalikuja polepole, na siku hiyo hayakuja kabisa. Nikashika kile chombo, nikapumua tu.

Ng'ambo, Faida akacheka. "Huyu iko mudogo yangu. Ninamujua kwa kunyamaza kwake."

Tangu hapo foni haikugawanywa tena. Kazi ya Fundi ikakua, hata watu wa Ubwari na Kazimia wakaja kuita ndugu zao. Yule mzee alikuwa akisema fungu lake ni kuingia kwa Fundi bila kubisha hodi.

Kwa hiyo, mwanangu, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mali ya wote ukiikata, kila mtu anabaki na kipande na hakuna mwenye mali. Toa kwa ajili ya kazi ya vijana wetu. Uliza wanafanya nini nayo, hiyo ni haki yako, wala usione haya kama mimi. Lakini usidai transista yako uitie mfukoni. Iache mahali pake, ikue, ikufae pamoja na wenzako.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na moyo mzito wa kungoja. Na kila utakayemwita, karibu au ng'ambo, akuitikie akiwa mzima.