Mfalme wa Burundi Aliyefunikwa na Sombe

Aibu hii nimeificha mwaka mzima, lakini Mama Furaha ameshaanza kuisimulia kanisani (na anatia chumvi), kwa hiyo bora niiseme mwenyewe.

Kituo cha jamii cha hapa Parramatta, ugenini tunakoishi, kiliandaa sherehe ya mataifa, kina mama wa Burundi wakanichagua nisimamie meza yetu, bendera yetu ikiwekwa pale kwa mara ya kwanza, halafu ujumbe ukaingia kwenye simu: bring a plate. Mimi Kiingereza nimejifunzia ukubwani, nikaelewa lete sahani, basi, nikawaza sahani zangu za plastiki zitatufedhehesha.

Nikaenda mtaa wa Guildford kwa Mama Furaha, rafiki yangu Mkongo, mwenye sahani ya kauri yenye ukingo wa dhahabu aliyoachiwa na bibi kizee mzungu ambaye yeye alikuwa akimtunza. Katikati imechorwa jukwaa la maigizo, na bwana mwenye manyoya kofiani amempigia goti mwanamke aliyezimia.

“Dada, hii haitiwi chakula, inaangaliwa tu,” akaniambia. “Ikipata ufa usirudi kwangu.”

Siku yenyewe nikaisimamisha chini ya bendera, nikakaa kwa maringo. Mwenyeji wetu, mama mmoja mzungu mpole, akainama akauliza huyu bwana ni nani. Ningesema sijui, yangeisha (mdomo wangu huu jamani), nikamwambia ni mfalme wetu wa zamani. Akamtazama yule bwana mweupe pe, akanitazama mimi.

“Na chakula kiko wapi?” akauliza taratibu.

Ndipo nikageuka nikaona Wakenya na chapati, Watanzania na pilau, kumbe sahani ya huku ni chakula cha kuchangia, na sisi Burundi tuna mfalme mkavu! Foleni hiyo inakuja, nikatamani nikunje bendera nitoroke nayo.

Mama Furaha akaingia na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, ya meza ya Kongo. Akaiona meza yangu, akauona uso wangu, akapakua sombe juu ya sahani yake ileile isiyotiwa chakula mpaka jukwaa lote likapotea.

“Leo sombe ni ya Burundi,” akasema. “Ila sahani utaiosha wewe, kwa mkono.”

(Hata kwetu tunaila, kwa hiyo uongo ulibaki ule mmoja.)

Watu wakachota, na kila kijiko kikamfunua bwana yule, kwanza manyoya, kisha pua. “Mfalme wenu amerudi,” mwenyeji akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukaangua kicheko, mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

Siku hizi nikiambiwa nilete sahani, nauliza kwanza: yenye nini?