Gololi Iliyotolewa Kwenye Valvu ya Mama Kulwa

Nawaomba sana, haya yabaki kati yetu. Msimtumie mtu yeyote, hata neno moja.

Mnajua mimi ni karani kwenye karakana inayobuni valvu mpya za gesi, hapa Ngokolo. Valvu yetu inafungwa juu ya koki ya mtungi. Ndani yake kuna gololi. Mtungi ukilazwa, gololi inaziba gesi ili moto usiruke.

Sasa nani kwetu halazi mtungi gesi ikikaribia kuisha?

Leo mchana Mama Kulwa, muuza chapati, ameturudishia wake.

"Valvu yenu ina kiburi. Nikiulaza mtungi inanizimia, na chapati iko kwenye kikaango."

Bosi akacheka. "Pole, mama. Tutaitoa kiburi."

Akamwambia fundi aitoe gololi.

"Bosi, bila hiyo gololi hii si valvu yetu tena," fundi akasema.

"Bila wateja hata wewe si fundi wangu."

Ikatolewa. Mimi ndiye niliyemkabidhi mtungi.

"Wabeja, mwanangu," akanishukuru.

Nikamjibu, "Karibu tena, mama." Basi.

Gesi yake imebaki kidogo, kwa hiyo jioni hii ataulaza. Kulwa na Doto, mapacha wake, wanalala chumba hicho hicho anachopikia.

Nikienda mwenyewe, bosi atajua ni mimi. Aliye jirani naye amwambie asiulaze kabisa.

Ukishamwambia, usinipigie. Kesho bosi akienda swala ya adhuhuri, pita dirishani kwangu uulizie mpira wa gesi. Nitaelewa kwamba amesikia.